Tarehe na saa: kolamu moja au mbili? (rekodi za malori Dar – Kigali – Bujumbura)

Kijana_wa_Kahama:

Habarini wakuu. Naomba msaada, nimekwama tangu Ijumaa.

Mjomba wangu ana malori 9 yanayotoa mizigo bandari ya Dar es Salaam kupeleka Kigali, mengine Bujumbura. Miaka yote kumbukumbu zake zilikuwa kwenye kaunta buku. Mwaka jana nikamtengenezea hifadhidata ya Microsoft Access, na nikalifuata daftari lilivyo: kolamu ya Tarehe, pembeni yake kolamu ya Saa. Tarehe niliipa aina ya tarehe. Saa niliiacha kuwa maandishi, kwa sababu makarani huandika kila mmoja kwa mtindo wake na sikutaka mashine iwakatalie.

Sasa mjomba anataka kujua kila lori linatumia saa ngapi njiani na linakaa wapi muda mrefu. Mfano huu hapa: lori lilitoka Dar tarehe 14/03/2024 saa 18:40, likafika Dodoma tarehe 15/03/2024 saa 03:25. Nikitoa saa kwa saa napata hasi saa 15 na dakika 15. Nikaweka sharti kwamba jibu likiwa hasi liongezwe saa 24. Dodoma ikakubali, Kigali ikakataa, maana huko safari ni ya siku kadhaa. Nikaongeza sharti jingine la tofauti ya tarehe, na sasa fomula imekuwa ndefu hata mimi mwenyewe siielewi nikiirudia kesho yake.

Kupanga nako ni shida. Rekodi ya 9:15 inakuja chini ya ile ya 18:40 ya siku hiyohiyo.

Nauliza: niziunganishe ziwe thamani moja, au kuna sababu ya kuziacha mbili? Na kama nitaunganisha, rekodi za zamani nazifanyaje? Mbele ya safari tunataka kuhamia MySQL, hifadhidata ya kwenye seva. Natanguliza shukrani.

Fundi_Seva:

Moja mkuu. Usifikirie mara mbili. Tarehe na saa ya kuondoka ni kitu kimoja kilichotokea mara moja, kigawe tu wakati wa kuonyesha.

Mhasibu_Moro:

Mimi naweka mbili na sijawahi kujuta. Ripoti zangu karibu zote ni za siku: mauzo ya leo, ya jana, ya mwezi. Ukiwa na kolamu ya tarehe peke yake unaandika tarehe = leo, basi. Ukichanganya na saa, kila ripoti inabidi uikate saa kwanza. Aangalie matumizi yake kabla ya kubomoa.

BiRejista:

Mdogo wangu wa Kahama, nitakuandikia kwa kirefu, maana jambo hili nimeishi nalo miaka sita. Sikuwa kwenye malori. Nilikuwa naingiza rejista ya wazazi kwenye kompyuta katika kituo kimoja cha afya mkoani Tanga.

Nianze na jibu: iwe kolamu moja. Kisha uone kwa macho kwa nini, kwa sababu Access inakurahisishia hili kuliko unavyodhani. Ndani ya Access tarehe ni namba ya kawaida. Siku zinahesabiwa kuanzia 30 Desemba 1899, ambayo ni sifuri, na saa ni sehemu ya siku inayokuja baada ya nukta. Saa 06:00 ni 0.25 kwa sababu robo ya siku imepita. Adhuhuri ni 0.5. Kwa hiyo lori lako:

Kuondoka Dar, 14/03/2024 18:40 = 45365.77778
Kufika Dodoma, 15/03/2024 03:25 = 45366.14236

Toa ya juu kwenye ya chini unapata 0.36458. Zidisha kwa 24, ni saa 8 na dakika 45. Hakuna sharti la hasi wala la kuvuka siku. Lori likilala Nzega siku mbili hesabu ni ileile. Katika kazi usitoe namba kwa mkono, tumia DateDiff("n", Kuondoka, Kufika), itakupa dakika 525. Na usiulize kama nyakati mbili ni sawa kabisa kwa alama ya =, maana hizo desimali zina mikia inayoweza kutofautiana huko mwisho hata kama kwenye kioo unaona saa ileile.

Siku ukikuta ripoti yako imeandika 30/12/1899 usishtuke. Ni saa iliyohifadhiwa bila tarehe, yaani upande wa kushoto wa nukta kuna sifuri.

Kwa kuwa zote ni namba, kuunganisha kolamu zako ni kujumlisha tu (TimeValue hugeuza maandishi kuwa saa, IsDate huangalia kama yanasomeka hivyo):

UPDATE Safari SET Kuondoka = Tarehe + TimeValue(Saa) WHERE IsDate(Saa)

Lakini usiiendeshe hiyo amri leo. Nataka kwanza nikueleze kilichotupata, maana ulivyosema makarani "huandika kila mmoja kwa mtindo wake" moyo wangu ulishtuka.

Mwezi wa pili tu wa kazi yangu nilitoa orodha ya muda ambao mama anakaa tangu kupokelewa hadi kujifungua. Mstari mmoja ulionyesha mtoto amezaliwa saa 20 kabla mama yake hajafika kituoni. Nikachukua rejista ya karatasi. Mama kapokelewa tarehe 6, saa 4 usiku. Kajifungua tarehe 6, saa 8 usiku. Mkunga hakukosea kitu kwa lugha yake: aliingia zamu jioni ya tarehe 6, usiku ulikuwa mmoja, karatasi ilikuwa moja. Mimi niligeuza saa 4 usiku kuwa 22:00 na saa 8 usiku kuwa 02:00, nikaacha tarehe kama ilivyoandikwa. Mtoto yule alizaliwa tarehe 7, na tangazo la kizazi lilikuwa limeshaandikwa tarehe 6. Nililifuatilia hadi likarekebishwa, maana siku ya kuzaliwa ni mali ya mtu ya maisha yake yote.

Kuanzia hapo nilijua shida haiko kwenye idadi ya kolamu pekee. Iko mlangoni, pale mtu anaposema saa na mashine inasikia kitu kingine. Mashine huvunja usiku katikati, sisi hatuuvunji. Saa 5 na dakika 59 usiku bado ni tarehe 14. Dakika moja baadaye mashine iko tarehe 15, na mlinzi getini kwenu bado anasema ni usiku uleule.

Sasa fikiria daftari la mjomba. Karani akiandika "saa 3 usiku", IsDate itairuka na Kuondoka itabaki tupu, utaona pengo. Hilo ni kosa jema, linajitangaza. Linaloniogopesha ni "12:30". Karani mmoja anamaanisha nusu saa baada ya adhuhuri kwa saa za kizungu. Mwingine anamaanisha saa 12 na nusu asubuhi, yaani 06:30. Mwingine saa 12 na nusu jioni, 18:30. Access itaikubali bila kelele na kuandika 12:30 mchana. Huwezi kuijua kwa kuitazama.

Kanuni ya kugeuza ni hii, iandike kwenye programu mara moja, watu wasiifanye kichwani. Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni ongeza 6. Kuanzia saa 1 hadi saa 5 usiku ongeza 18. Saa 6 usiku ni 00:00, na kuanzia hapo hadi saa 12 asubuhi toa 6. Tahadhari iko kwenye saa 6 usiku hadi saa 11 alfajiri: hapo ndipo tarehe ya karani inaweza kuwa ya jana. Programu isibadilishe kimya kimya wala isiache kimya kimya. Imwulize.

Fomu yetu ya mwisho ilikuwa na visanduku vitatu: tarehe, saa kama inavyosemwa, na chaguo la alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku. Kabla ya kuhifadhi ilimrudishia mkunga sentensi nzima kwa herufi kubwa: "Usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 15 Machi, saa 8:10. Ni kweli?" Akibonyeza ndiyo, kinachoingia kwenye jedwali ni thamani moja tu. Wakunga waliipenda kwa sababu ilizungumza nao kama wanavyozungumza wao.

Neno "kuamkia" tuliliweka kwa makusudi. Mwanzoni sentensi ilisema "usiku wa Ijumaa". Mkunga wetu mkubwa, mama wa Pangani, kwake usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Alhamisi jua likizama, kama wazee wa pwani wanavyohesabu, maana siku huanza magharibi. Vijana waliotoka bara kwao usiku wa Ijumaa ni baada ya mchana wa Ijumaa. Watu wawili, maneno yaleyale, usiku mbili tofauti. Ukisema "wa kuamkia" hakuna anayepotea.

Kaka Mhasibu, hoja yako ya ripoti za siku naielewa, lakini haihitaji kolamu ya pili. Nitairudia nikipata nafasi.

Kijana_wa_Kahama:

Dada, nimesoma mara tatu. Nimefungua jedwali sasa hivi na kutafuta "12:30". Zipo 41. Na kuna karani aliyeandika "12:30 asb" mwezi mmoja, mwezi uliofuata akaacha kuandika "asb".

Mto_Rusizi:

Jambo ndugu zangu. Mimi niko Bujumbura, nafanya kazi ya kupokea mizigo inayotoka huko kwenu, na nina la kuongeza kabla hujafurahia hiyo dakika 525.

Saa zetu hazilingani. Tanzania, Kenya na Uganda ziko UTC+3, yaani saa tatu mbele ya UTC, saa ya dunia ya kulinganishia. Burundi na Rwanda ziko UTC+2. Lubumbashi ni UTC+2 pia, na Kinshasa ni UTC+1 ndani ya nchi hiyohiyo moja. Huku kwetu tunahesabu saa kama nyinyi, 08:00 tunaiita saa mbili. Ndiyo maana watu hawagundui: dereva anasema saa mbili, mimi nasema saa mbili, na kati yetu kuna saa nzima.

Angalia mpaka wa Kabanga na Kobero. Lori linaondoka Kabanga upande wenu 14:20. Linaandikishwa Kobero upande wetu 13:40. Ukitoa unapata hasi dakika 40, wakati dereva alitumia dakika 20 tu. Hapo angalau unaona kosa. Safari nzima ya Dar hadi Bujumbura haikupi hasi. Inapungua saa moja, na kurudi inaongezeka saa moja, na ripoti inaonekana nzuri. Mjomba wako ataamini malori yanakwenda mbio kuliko yanavyorudi hata yakiwa na mzigo, na anaweza kumkemea dereva asiye na kosa.

Ninavyofanya mimi: kila wakati naugeuza kuwa UTC ndipo nauhifadhi, na pembeni naweka kolamu ya mahali tukio lilipotokea. Mahali ndipo panaponiambia nionyeshe saa ipi. Usihifadhi "+2" kama namba, hifadhi jina la ukanda wa saa, Africa/Dar_es_Salaam, Africa/Kigali, Africa/Bujumbura. Nchi ikibadili saa yake siku moja, jina litaifuata, namba haitajua.

Kwa kuwa unakwenda MySQL, kuna aina mbili zinazofanana kwa sura. DATETIME inahifadhi ulichoandika hivyohivyo, haijui ukanda wowote. TIMESTAMP inaugeuza kuwa UTC wakati wa kuingiza, na kuurudisha kwenye ukanda wa anayesoma wakati wa kutoa. Nzuri, ila inaishia tarehe 19 Januari 2038 saa 03:14:07 UTC. Kwa safari za malori inatosha leo. Kwa mkataba wa miaka 20 haitoshi. Mimi natumia DATETIME na makubaliano ya maandishi kwamba kila kilichomo ni UTC, na jina la kolamu linasema hivyo: kuondoka_utc. Ukienda PostgreSQL, hifadhidata nyingine ya seva, ile aina inayoitwa timestamp with time zone jina lake linapotosha watu: haikumbuki ukanda ulioingiza nao, inaweka UTC tu. Kolamu ya mahali bado utaihitaji.

Na seva yako ikikodishwa Ulaya, iambie itumie UTC. Huku kwetu saa haisogezwi mwaka mzima, kwa hiyo tunasahau kwamba wenzetu husogeza zao Machi na Oktoba. Usiku ule wa Oktoba saa moja hujirudia mara mbili, na rekodi mbili zilizopishana zinaweza kuonekana zimefuatana kinyume.

Fundi_Seva:

Naongezea la SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya programu, kwa wanaotengeneza programu za simu: haina aina ya tarehe kabisa. Unahifadhi maandishi au namba. Na datetime('now') inakupa UTC. Kijana wangu mmoja kazini aliihifadhi akidhani ni saa ya hapa, kila muamala wa saa 7 usiku ukawa unaangukia tarehe ya jana. Ukitumia maandishi andika mwaka kwanza, 2024-03-14 18:40, ndipo yatajipanga vizuri yenyewe.

Kijana_wa_Kahama:

Nashukuru sana ndugu wa Bujumbura. Sikulijua hilo kabisa, na mjomba kweli alikuwa ameanza kuwalaumu madereva wa kurudi.

Nina mawili yamebaki. Nimejaribu kolamu moja kwenye nakala, nikatoa ripoti ya Machi kwa BETWEEN (kati ya) tarehe 1 na tarehe 31. Safari za tarehe 31 hazipo isipokuwa moja. Pili, kuna safari za zamani ambazo daftari lina tarehe tu, saa haikuandikwa. Niweke 00:00?

BiRejista:

La kwanza ndilo nililomwahidi kaka Mhasibu. Unapoandika tarehe 31 bila saa, mashine inasoma 31 saa 00:00, mwanzo kabisa wa siku. Kila kilichotokea baada ya hapo kimebaki nje. Hiyo safari moja uliyoiona bila shaka iliandikwa 00:00. Watu hukimbilia kuandika 23:59, usifanye hivyo, dakika ya mwisho nayo ina sekunde zake. Andika hivi:

WHERE Kuondoka >= #2024-03-01# AND Kuondoka < #2024-04-01#

Kuanzia tarehe 1 Machi, kabla ya tarehe 1 Aprili. Mwezi uwe na siku 28 au 31 hakuna kinachobadilika. Ripoti ya siku moja ni hivyohivyo: kuanzia leo, kabla ya kesho. Ukishahamia MySQL usiikate saa kwa DATE(kuondoka_utc) = ..., kwa sababu hapo faharasa ya kolamu (index, orodha inayoharakisha kutafuta) haitumiki na jedwali zima litasomwa mstari kwa mstari. Kumbuka tu kwamba siku ya Dar huanza saa 21:00 UTC ya siku iliyotangulia, kwa hiyo mipaka nayo uigeuze.

Na umeona nimeandika mwaka kwanza ndani ya zile alama za #? Ndani ya SQL ya Access, #03/04/2024# inasomwa Kimarekani, Machi tarehe 4, hata kama kompyuta yako imepangwa siku kwanza. Ukiandika #14/03/2024# itaielewa kwa kuwa hakuna mwezi wa 14, na hapo ndipo unapodanganyika kwamba kila kitu kiko sawa, kumbe tarehe 1 hadi 12 za kila mwezi zimegeuzwa.

La pili: usiweke 00:00. Ukiweka, umesema lori liliondoka usiku wa manane, na mtu atakayekuja baada yako ataamini. Weka tarehe, na kolamu ndogo ya ndiyo au hapana, SaaInajulikana. Ripoti ya muda njiani iziache nje safari ambazo jibu ni hapana.

Na si kila tarehe ni ya kuunganishwa na saa. Tarehe ya kuzaliwa ya dereva, mwisho wa bima, mwisho wa leseni, hizo ni siku, ziache ziwe siku. Ukiziingiza kwenye UTC, bima inayoisha tarehe 30 itaonekana inaisha tarehe 29 saa 21:00, na kuna siku trafiki atakuwa wa kwanza kuligundua.

Mhasibu_Moro:

Hiyo ya "kabla ya kesho" nimeijaribu dukani kwangu jioni hii. Ripoti imetoka sawasawa na ya kolamu mbili. Nakubali dada, mfumo wangu mpya nitaujenga hivyo.

Kijana_wa_Kahama:

Narudisha majibu wakuu.

Zile 41 za "12:30" nimezimaliza 38. Mjomba ametunza risiti za mizani kwenye maboksi ya biskuti, kila safari na yake, na zile zimechapwa na mashine, saa haina utata. Safari ya kwanza niliyoishika: daftari linasema limetoka Dar "12:30", risiti ya mizani ya Vigwaza inasema 08:50 siku hiyohiyo. Lori haliwezi kupimwa Vigwaza kabla halijaondoka Dar, kwa hiyo ilikuwa saa 12 na nusu asubuhi, 06:30. Nyingine risiti inasema 20:41, hiyo nikaiweka 18:30. Tatu hazina risiti, nimeziwekea SaaInajulikana = hapana, kama dada alivyosema.

Nilivyotoa tena ripoti ya Bujumbura kwa UTC, tofauti ya kwenda na kurudi imepungua kwa saa mbili kamili, moja kila upande. Nimempigia mjomba simu nikamsomea. Alinyamaza kidogo, kisha akaomba namba ya dereva aliyemkata posho mwezi wa nane.

Fomu mpya makarani wameanza nayo jana. Yule wa "asb" aliponyooshewa sentensi ya "usiku wa kuamkia Jumatano, saa 7:20, ni kweli?" alibonyeza hapana, akarekebisha tarehe mwenyewe bila kuambiwa.

Kaunta buku za 2021 na 2022 bado sijazigusa. Naanza nazo Jumatatu, na boksi la risiti nimeshalibeba.